Jumatatu Iliyofika Kwamsisi Ikiwa Imechelewa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mjini Korogwe. Makonda wa mabasi ya Arusha hawajaanza kuita abiria, na Evodia Ruhwanya ameshaziba mlango wa kibanda chake kwa blanketi mbili na kipande cha godoro la mtoto. Mezani zimelala simu thelathini na moja za wateja, zote zinachajiwa. Ya thelathini na mbili ni yake, imeegemezwa kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, na ndiyo inayorekodi.

"Leo ni Alhamisi, tarehe kumi na saba, mwezi wa saba," anasema taratibu. Anavuta pumzi, anarudia. Anavuta tena, anarudia mara ya tatu.

Mgeni akimsikia anaweza kudhani dada huyu amesahau kwamba ameshasema. Hajasahau. Anakumbuka kupita kiasi, na kinachomkumbusha kiko Kwamsisi, wilayani Handeni, ambako wanawake kumi wanasubiri kujua kama jina la kikundi chao litabandikwa leo kwenye ubao wa halmashauri. Lisipobandikwa, Evodia anajua wa kulaumiwa ni yeye.

Chini, juu ya mkeka, mzee Abdulaziz Mhina amekunja miguu, mgongo umenyooka, macho ameyafumba. Zamu yake imefika.

"Uliyekaa kwenye kigoda, kaa. Uliyekaa chini, kaa. Unayeendesha pikipiki usifumbe macho," anasema, na Evodia anabana kicheko. "Vuta hewa kwa pua, hesabu nne. Izuie, hesabu mbili. Iachie, hesabu sita. Mawazo yakija usiyafukuze, yaache yapite yaende zake."

Hivyo ndivyo kinavyoanza kila kipindi cha Pumua Kwanza, podikasti ya dakika arobaini ambayo nusu yake ni yoga na nusu ni habari za fedha za serikali za kuchochea uchumi. Evodia anakiri kwamba mwanzoni watu waliwashangaa, wakawauliza wanauza mchele au mafuta ya taa.

"Nikawajibu, kwani duka la kijijini si linauza vyote?" anasema.

Evodia ana miaka arobaini na mitatu na watoto watatu. Alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya mji. Babu yake aliletwa manamba kutoka Kasulu, mkataba ukaisha, nauli ya kurudi ikaliwa, akabaki. Baba yake naye alikata mkonge mpaka vidole vikagoma kukunjuka. Yeye ni wa kwanza katika nyumba yao kula kwa kazi ambayo haichomi mikono.

Kazi yenyewe ni ya kuchaji simu kwa shilingi mia tatu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi kwa shilingi mia tano. Siku nzuri anapata Sh15,000. Siku ya mvua, wakati sola imenuna, anaweza kurudi nyumbani na Sh4,000 na maneno ya wateja ambao simu zao hazikujaa.

Podikasti ilizaliwa kwenye benchi la ofisi ya halmashauri. Miaka miwili iliyopita Evodia na wenzake wanne waliomba mkopo wa kikundi, na kila walipokwenda kufuatilia, moyo wake ulianza kwenda mbio akiwa bado getini. Presha ilikuwa imeshampata. Siku moja aliona kizunguzungu palepale kwenye korido, akashika ukuta.

Aliyekuwa amekaa jirani yake ni Abdulaziz, fundi baiskeli mwenye miaka hamsini na minane, aliyekuja kufuatilia maombi ya kikundi cha watu wenye ulemavu. Mzee huyo alisimamia mashine ya korona, ile ya kuchambua mkonge, kwa miaka ishirini na sita. Mgongo ulipoharibika, mtaalamu wa viungo alimfundisha yoga kidogokidogo: kukaa, kujinyoosha, kupumua, kutulia. Anasema alikubali kwa sababu dawa zilikuwa zimeisha na mazoezi yalikuwa ya bure.

"Akaniambia, mwanangu, wewe umesahau kutoa hewa, umejaza tu," anakumbuka Evodia. "Nikapumua naye pale, watu wanatuangalia. Jina langu lilipoitwa niliingia nikaongea kama mtu mzima. Nilikuwa naogopa ofisi. Fomu yenyewe haikuwa ngumu."

Mkopo ukatoka, Evodia akanunua sola na kompyuta ya mezani iliyotumika. Ndipo akamfuata mzee kwenye karakana yake na wazo: waongee wawili, warekodi, wawaingizie watu kwenye kadi bure pamoja na nyimbo zao. Mzee alikubali kwa sharti moja, kwamba asilazimishwe kuchangamka.

Wazo hilo lilifika mbali kuliko walivyotegemea. Handeni na Korogwe kuna vitongoji vingi ambako mtandao unakuja na kuondoka kadiri unavyopenda, lakini redio ndogo ya kuchomeka kadi haikosekani. Mchungaji anayo begani, mkulima anaitundika kwenye mti wa shamba. Iddy, muuza mitumba anayezunguka minadani, alianza kubeba kadi za Evodia pamoja na marobota yake, na watu wakanakiliana. Huko hakuna anayesema podikasti. Wanasema kadi ya Evodia.

Hawakukosa kelele. Kijijini Kerenge, baadhi ya watu walisema hiyo yoga ni ibada ya kigeni imeingizwa kwa mlango wa nyuma. Wazee wawili, mmoja wa msikitini na mwingine wa kigangoni, walifunga safari mpaka kibandani kusikiliza. Waliketi, wakapumua, na yule wa kigangoni akasinzia. Abdulaziz aliwaeleza kwamba yeye anaswali swala tano, Evodia yuko kwaya ya pili, na wala hawajawahi kugombana juu ya pumzi.

"Nikawaambia, mgongo wangu hauna dini, unauma tu," anasema mzee. Waliondoka na kadi mbili.

Upande wa fedha nao ulihitaji kuelezwa kwa lugha ya watu. Msikilizaji mmoja wa Kwaluguru alituma ujumbe akiuliza serikali imepatwa na nini hata igawe mikopo bila riba, au ni mtego. Abdulaziz alimjibu kwa mfano wa pampu ya kisima ambayo imekauka. Kabla haijavuta, alisema, unamwagia kikombe cha maji kwa juu. Yale maji ukiyaona yanaingia utadhani yamepotea, kumbe ndiyo yanayokwenda kuyaita mengine. Ila pampu ikiwa imetoboka, aliongeza, hata ndoo nzima haitoshi, kwa hiyo kikundi kijiangalie kwanza.

Mfano huo ndio uliomnasa Naisimoi.

Naisimoi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, anayeishi na jamii ya wafugaji kwenye nyanda kavu nje ya Kwamsisi. Yeye na wanawake wenzake tisa wana kikundi cha maziwa kinachoitwa Enaboishu. Maziwa ya asubuhi wanayauza. Ya jioni hayana pa kwenda, na siku za joto wanamwaga hadi lita arobaini. Kwa mwanamke wa Kimasai, kumwaga maziwa ni jambo la aibu, na Naisimoi anasema kila akimwaga alikuwa anageuka pembeni.

Walichotaka ni jokofu la kupozea maziwa na toyo, pikipiki ile ya miguu mitatu, ya kuyafikisha barabarani. Jumla Sh14 milioni. Wanaume walicheka. Nkoitiko, mume wa Naisimoi, hakucheka, lakini alisema hajawahi kuona fedha inatoka ndani ya redio.

Kosa lilifanyika Machi. Serikali ilikuwa imetangaza dirisha la maombi, na Jumanne ya tarehe 18 Evodia alirekodi kipindi kuhusu katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na picha za pasipoti. Mwishoni alisema kwa sauti yake ya furaha kwamba watu wasilale, mwisho wa kupokea fomu ni Jumatatu ijayo. Alimaanisha tarehe 24.

Hakusema tarehe 24. Alisema Jumatatu ijayo, kama sote tunavyosema kila siku, tukiwa tumekaa na mtu ana kwa ana.

Lakini kadi haikai na mtu ana kwa ana. Masika yalikuwa yamekata barabara, Iddy alikwama mnada mmoja baada ya mwingine, na kadi ile iliwasili Kwamsisi Alhamisi, tarehe 10 Aprili. Wanawake wa Enaboishu waliisikiliza jioni hiyo. Mwisho ni Jumatatu ijayo, dada alisema. Walihesabu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Zimebaki siku tatu.

Naisimoi aliwahimiza wenzake wote tisa. Waliuza mbuzi wawili, wakalipia picha, wakamtafuta mtendaji wa kijiji kanisani ili agonge mhuri. Jumatatu alfajiri walitembea kwenye tope mpaka kwenye lami, wakapanda gari, wakafika Handeni wakiwa wamevaa shanga zao za sherehe. Afisa aliyewapokea aliwaangalia kwa huruma na kuwaambia dirisha lilifungwa wiki tatu zilizopita.

"Wenzangu hawakusema kitu," anasimulia Naisimoi kwa njia ya simu. "Wangenigombeza ningeona nafuu. Nikajua hawatanisikiliza tena."

Siku mbili baadaye aliingia Korogwe peke yake, akaulizia mpaka akakipata kibanda. Evodia aliona mama mtu mzima mlangoni, akamwamkia shikamoo. Naisimoi aliitikia marahaba, akaweka kadi mezani.

"Weka," alisema. "Nataka kusikia tena hiyo Jumatatu yako."

Evodia aliiweka. Anasema alijisikia akiongea, akicheka, akiwatania watu wasilale, na kabla maneno yale mawili hayajafika alikuwa ameshaelewa. Alitaka kuizima, Naisimoi akamzuia mkono. Walisikiliza mpaka mwisho.

"Hakunitukana. Aliniuliza tu, mwanangu, Jumatatu hiyo ilikuwa ya lini?" anasema Evodia, na machozi yanamlengalenga hata sasa. "Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Watu wameuza mbuzi kwa sababu ya mdomo wangu."

Kwa mara ya kwanza tangu kizinduliwe, kibanda kilifungwa siku ya kazi. Kesho yake Evodia alifika Handeni, pamoja na Naisimoi na mzee Abdulaziz, ambaye aliacha baiskeli sita za watu zikiwa zimefumuliwa. Mkononi Evodia alikuwa na barua ya kurasa mbili, ameiandika mwenyewe, akieleza kwamba kikundi hakikuzembea, aliyezembea ni yeye.

Kwenye korido ya ofisi ile, moyo ulianza tena. Kizunguzungu kilekile, ukuta uleule wa rangi ya krimu inayopakwa ofisi zote. Abdulaziz alikuwa amekwenda msalani. Aliyemshika mkono ni Naisimoi.

"Kaa vizuri," alimwambia. "Vuta, hesabu nne. Usijaze tu, toa."

Alikuwa ameyajifunza kwenye kadi. Evodia anasema alipumua huku akilia, na mama ambaye yeye alimkosea ndiye aliyekuwa akimhesabia, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kimasai.

Afisa maendeleo ya jamii, mama Yuditha, aliisoma barua yote, akaivua miwani yake, akasema alichokuwa na haki ya kusema: orodha imeshapita, hawezi kufungua dirisha kwa kikundi kimoja. Ila palikuwa na uchochoro halali. Uhakiki ukifanyika, vikundi vingine huanguka kwa sababu ya wanachama hewa, na nafasi zao huenda kwa walio kwenye orodha ya akiba. Aliwataka waache fomu, watembelewe wakaguliwe kama wengine, halafu wasubiri. Hakuahidi chochote.

Jioni hiyohiyo walirekodi kipindi ambacho Evodia anakiita cha kosa langu. Alitaja jina la kikundi, akataja tarehe, akaomba radhi. Mzee naye akaongoza dakika tatu za kukaa kimya, mtu asitafute kisingizio, asikilize tu pumzi yake. Baadhi ya wasikilizaji walidhani kadi imeharibika.

Tangu hapo sheria za Pumua Kwanza zilibadilika. Kila kipindi kinaanza kwa siku na tarehe, mara tatu. Maneno kesho, juzi, wiki ijayo na mwezi ujao yamepigwa marufuku. Ukutani limetundikwa kopo la faini, na anayeteleza anatumbukiza shilingi mia tano. Mzee Abdulaziz, ambaye ana mazoea ya kumalizia kila kitu kwa kesho Mungu akipenda, ameshalipa Sh7,500.

Nacho kikundi cha Enaboishu kilisubiri. Wakaguzi walifika Juni, wakakuta wanawake kumi wa kweli, maziwa ya kweli na daftari lililoandikwa vizuri. Baadaye pakawa kimya. Evodia alipiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa alijibiwa bado. Anasema kwa miezi mitatu alilala usingizi wa kuku, akasali rozari, akapumua, na bado akawa anaota mbuzi wawili.

Leo asubuhi, baada ya kurekodi, anaondoa blanketi mlangoni na kuanza kuhudumia wateja. Anarudisha chenji mara mbili kwa mtu mmoja. Anamwingizia nyimbo za injili kijana aliyeomba singeli. Mzee, ambaye alipaswa kuwa karakana, amekaa bado kwenye mkeka na hasemi anamsubiri nani.

Saa nne na dakika kumi simu ya Evodia inaita. Anaitazama. Anaiacha iite mara tatu, kisha anaipokea na kuiweka kwenye spika.

"Takwenya," anasalimu, salamu ya Kimasai ambayo Naisimoi mwenyewe alimfundisha, ingawa yeye aliye mdogo ndiye angepaswa kusalimiwa hivyo.

Upande wa pili kuna upepo na sauti za wanawake wengi kwa pamoja. Naisimoi hacheki kosa la salamu. Anasema wametubandika. Anarudia, wametubandika, namba tatu kutoka chini, Enaboishu, Kwamsisi, nimeshika karatasi kwa kidole changu.

Evodia anakaa. Hakuna kiti alipokaa, kuna ndoo ya maji iliyopinduliwa, lakini anakaa. Anatoa hewa ndefu ambayo inaonekana ilikuwa ndani tangu Aprili, na mteja aliyekuja kuchukua simu yake anauliza kama kuna msiba.

"Hakuna msiba, kaka," anamjibu Abdulaziz akijifuta macho kwa kofia yake. "Pampu imevuta."

Ahueni ya namna hii haina kelele. Evodia analia kidogo, anacheka kidogo, anamrudishia mteja simu na kukataa kupokea mia tatu yake. Anamwuliza Naisimoi wenzake wako wapi. Wako hapahapa, anajibiwa, wamerudi kunisikiliza. Hata Nkoitiko ametuma ujumbe akitaka redio iletwe nyumbani, maana anataka na yeye kujaribu hiyo ya kuhesabu nne, goti linamsumbua.

Halafu Evodia anauliza swali ambalo kila mtu kibandani alikuwa nalo. Fedha inaingia lini?

Naisimoi anajibu kwamba hata yeye alimwuliza mama Yuditha hivyohivyo. "Akaniambia mama, nenda nyumbani ukapumzike, ni wiki ijayo. Nikamwambia hapana. Nilikaa palepale kwenye benchi, nikakunja miguu. Nikamwambia, naomba usiniambie wiki ijayo, mama. Mimi niliuza mbuzi kwa ijayo. Niandikie tarehe."

"Akaandika?"

"Ameandika. Ijumaa, tarehe ishirini na tano, mwezi wa saba." Anaisoma mara ya pili. Anaisoma mara ya tatu.

Evodia anasema mpango wake ni kupeleka simu na blanketi zake Kwamsisi jokofu likishafungwa, wakarekodi kipindi cha kwanza cha Pumua Kwanza kwa Kimasai, Naisimoi akiwa ndiye anayehesabu. Anatamani pia kila mnada wa Handeni na Korogwe uwe na mtu wa kunakili kadi mpya, ili habari isichoke njiani. Akiulizwa safari hiyo ni ya lini, anafungua mdomo, anaufunga, anamtazama mzee.

Kisha anachukua kalamu ya wino mzito, anapanda juu ya ile ndoo, na kuandika kwenye ubao wa kibanda, chini ya bei ya kuchaji: Kwamsisi, Jumamosi, tarehe 9 Agosti.